Mume Wangu Anataka Ua la Mama Yangu Akalitie Chupani

Dada mshauri, nakuandikia kutoka Mlabani hapa Ifakara nikiwa na uzito moyoni, maana mimi na mume wangu Anselim tumezeeka pamoja bila kununiana na sasa maua yanataka kututenganisha. Ninalo ua la anthuriamu jekundu nililorithi kwa mama yangu, nalizidisha kwa kutenga machipukizi yenye mizizi na kuyapanda kwenye makopo, udongo nauchanganya na pumba za mpunga zilizooza na samadi ya jirani yetu Ngusa, ni kazi ya polepole lakini hayafi. Mume wangu alipostaafu kule Kidatu alikwenda Morogoro kumwona mwanetu Fidel anayefanya kazi maabara ya mimea, akaona kipande kidogo cha ua kinavyozaa miche ndani ya chupa, akarudi na chupa zake zenye miche anacheka kama bwana harusi, "Mama Fidel, tutapata mamia!" Akaitoa ile miche akaipanda juani. Kufika jioni yote imelala, nikamkuta amevua kofia anaufunika nayo mche mmoja. Badala ya kumpa pole nikasema, "Haya, mamia yako yako wapi?"

Tangu hapo hakanyagi bustanini. Jana akaniambia kwa upole, "Nipe lile shina la mama nilipeleke kwa Fidel, safari hii nitajifunza vizuri." Nikimpa likafa nitamlilia mama mara ya pili, nikimnyima naona atanyauka yeye. Nifanyeje?

Evelina

JIBU

Mama Fidel, pole, lakini ulimi wako umekuponza. Mzee amepata kitu cha kumwamsha asubuhi, nawe unamcheka kwenye msiba wa miche yake!

Naye amekosea. Mche wa chupani umezoea kulishwa sukari na kukaa kwenye unyevu. Hutolewa taratibu, kivulini, umefunikwa nailoni, mpaka majani yakomae. Maabara huzaa miche mingi inayofanana, ila inataka vifaa na usafi usio wa jikoni. Njia yako ni ya polepole, lakini inawezekana uani kwako. Nani amekwambia uchague moja?

Shina la mama lisiondoke. Tenga chipukizi moja lenye afya, lifunge kwa gazeti bichi, umkabidhi kwa mkono wako. Kisha panda basi pamoja naye, Fidel awafundishe wote wawili, maana kulea miche ikishatoka chupani ni kazi ya mikono kama yako.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo mwombe radhi. Usimtume mtu, usingoje alainike. Mpelekee chai pale alipo, na usimwachie kikombe ukaondoka. Kaa.