Muhula Mmoja wa Rehema

Mama yangu,

Leo asubuhi nilikuwa niuze kibanda chako cha soko la Gikomba. Mnunuzi alikuwa tayari na pesa, na kadi ya kibanda ilikuwa na jina langu. Uliiandikisha hivyo ulipougua, ukasema mimi ndiye ninayeelewa makaratasi. Dada Rehema, aliyekifungua na kukifunga kibanda hicho kila siku, hukumwandika popote.

Gazeti nililokuwa nikiliandikia lilipunguza wafanyakazi miezi miwili iliyopita, nami nikiwa mmoja wao. Kodi ya nyumba imenilemea. Nakueleza haya ujue hali ilivyo, si kwa kujitetea.

Siku ya beli ya makoti unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Januari, hapo mtaani Shauri Moyo kila nyumba ikihangaikia shule. Jumatatu mimi nilipaswa kuanza kidato cha kwanza, Rehema aingie cha pili. Karo yetu sote wawili ulikuwa umeitia kwenye beli moja ya mitumba, robota zima la nguo za watoto, kwa sababu nguo za watoto hazilali sokoni. Jirani yako Mama Halima alitaka kuinunua ikiwa imefungwa, akuongezee kidogo. Ulikataa. Ulitaka kamera, zile nguo bora ambazo wateja wa kwanza hugombania.

Ukakata kamba. Beli ikishakatwa hairudishwi. Yakatoka makoti ya sufu ya watu wazima, mazito, mpaka chini kabisa. Mteja mmoja akacheka: "Mathe, na hili jua lote unatuuzia baridi?"

Ulikaa juu ya lile rundo, ukauliza, "Nani Nairobi hii analipwa kukesha nje?"

Alasiri hiyo tulikuwa mtaa wa Komarock sisi watatu, geti baada ya geti, tukiwauzia walinzi kabla hawajaingia zamu. Rehema ndiye aliyeuza zaidi. Aliwavisha mwenyewe, akawafunga vifungo. "Mzee, ukivaa hii hata mwizi atakupigia saluti."

Jumapili jioni pesa zilitosha karo ya mtoto mmoja. "Rehema atangoja muhula mmoja tu," ukasema. Hukumuuliza. Yeye aliendelea kukunja makoti yaliyobaki. Mimi nami sikusema neno, na nilikuwa na umri wa kusema.

Muhula huo haujaisha, Mama.

Nimeandika habari za pesa za watu kwa miaka mingi: waliopora, waliofilisika, waliotajirika ghafla. Sijawahi kuandika kwamba karo yangu aliitafuta dada yangu, ikanisomesha mimi peke yangu.

Jana alinipigia simu. Hakusalimu. "Saidi, nasikia umeuza mahali ninaposimama."

"Bado."

"Bado ni jibu la mtu anayepiga hesabu." Akakata.

Leo alfajiri nilimwambia mnunuzi biashara hiyo haipo tena. "Bwana mwandishi," akasema, "huruma hailipi kodi." Ni kweli, na nilimwambia ni kweli.

Saa nne tulikuwa mbele ya karani wa kamati ya soko, mimi na Rehema. Nilitaka kumweleza dada kwanza kilichonifikisha pale. Akanyanyua mkono. "Jina kwanza. Maelezo utanipa nikishaona wino."

Karani akafuta jina langu kwenye kadi, akaandika lake. Rehema akaisoma kadi mara mbili, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Haya, sema sasa."

Nikamwambia yote: kazi, kodi, mnunuzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea anitukane, au alie.

"Kibandani kuna kazi," akasema. "Nitakulipa kwa siku, kama ninavyomlipa mtu yeyote. Ukichelewa, nakata."

Nimekubali, Mama. Naanza kesho.

Pumzika salama.

Mwanao wa pili,
Saidi