Injini Changa kwenye Pikipiki Yako, Baba Mkwe

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, lakini nikianza bila shikamoo, mwanao Mwanasiti ataninyang'anya kalamu. Amekaa kando yangu anachambua mchele na kujifanya hasomi.

Nataka tuzungumze habari ya pikipiki.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nawe ulikuwa mwalimu wa Kurani pekee hapa Msambweni aliyekwenda kusomesha kwa pikipiki. Ilipokufa injini, pistoni imegandamana na silinda, vipuri vya toleo lake havikupatikana hata Mombasa. Mimi nilikuwa fundi kijana, na siku ile sikuja kwako kwa ajili ya pikipiki, nilikuja kwa ajili ya binti yako. Nikasema neno langu. Ukamaliza kahawa yako bila haraka, kisha ukanionyesha kile chuma kilichoegemezwa ukutani.

"Itengeneze hiyo kwanza, mwanangu. Ikinifikisha Jego kwa wanafunzi wangu na kunirudisha, tutazungumza hayo mengine."

Injini niliipata kule pwani ya Galu, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha arudi kwao. Pikipiki yake ilikuwa na jina lile lile la yako, ila ilitoka kiwandani miaka mitatu baadaye, na fremu alikuwa ameipinda kwenye mnazi. Nilipokueleza kwamba injini ile haitakaa sawasawa kwenye fremu yako, hukuelewa.

"Miaka mitatu tu? Si wametoka tumbo moja hawa?"

"Wametoka tumbo moja, baba, lakini hawavai suruali moja."

Ulicheka mpaka ukapaliwa. Mimi sikucheka, maana matundu ya injini na ya fremu hayakukutana hata moja. Nilikata vyuma vya jembe bovu la trekta, nikatoboa, nikafunga, nikafungua tena. Mnyororo ukaenda upande, nikaurudisha. Wiki sita nilishinda uani kwako. Hatimaye injini ikakaa, imeinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

Balaa lenyewe lilikuwa miguuni. Pikipiki yako ilikuwa na gia kulia na breki kushoto, nawe ulijifunza kuiendesha kwa njia yako mwenyewe: mguu wa kulia ni wa kuingilia msikitini, basi huo ni wa gia, wa kwendea kwenye heri. Wa kushoto ni wa kuingilia chooni, ambako mtu haendi kwa kasi, basi huo ni wa breki. Sasa injini ya Galu gia yake ilitokezea kushoto, kwa kuwa huko kiwandani walikuwa wamebadilisha mawazo. Ikanibidi breki niihamishie kulia.

"Kwa hiyo msikitini niingie na wa kushoto?" ukauliza.

"Msikitini ingia kama kawaida, baba. Hii ni pikipiki tu."

"Astaghfirullah. Pikipiki imegeuza dini."

Ulifanya mazoezi siku nzima juu ya kigoda, kushoto gia, kulia breki, mpaka mama mkwe akaniuliza pembeni kama nimekulisha kitu.

Ijumaa baada ya swala ukajifunga kanzu kiunoni mbele ya msikiti mzima, ukaondoka. Ulikwenda vizuri sana mpaka kwenye kona, mbuzi alipokatiza njia. Hapo mguu wako wa kushoto ukafuata mazoea ya maisha mazima. Ukakanyaga breki, kumbe ni gia. Pikipiki ikaruka mbele, mbuzi akapona, nawe ukapasua ukuta wa makuti na kuingia moja kwa moja katika choo cha jirani. Alhamdulillahi hamkuwa na mtu, birika tu ndilo lililoumia. Uliingia na mguu gani, hakuna aliyewahi kuona.

Nikajua Mwanasiti nimemkosa. Nilimwona mlangoni amejiziba uso kwa leso, nami nikaumia nikidhani analia. (Ananiambia hapa kwamba alikuwa anacheka.) Nikakimbia, nikakukuta umelala chini ya makuti, miwani imening'inia kwenye sikio moja.

"Imezimika?" ukauliza.

Nikasikiliza. Ilikuwa inanguruma vilevile. "Haikuzimika, baba."

"Basi walete wazee wako."

"Na Jego je?"

"Jego utanipeleka wewe. Mimi nitakaa nyuma."

Nami nikakupeleka, Jego na kwingine, miaka yote mpaka ulipotuaga, ukinishika mabega na kunisomea dua kila kona.

Sasa ndipo penye sababu ya barua hii. Juzi mama mkwe ametoboa siri. Kumbe siku ile ya kwanza, nilipoondoka tu, ulimwambia: "Binti tumeshampatia mume. Lakini nikimwambia leo, nani atanitengenezea pikipiki?"

Wiki sita, baba! Sikula nikashiba, sikulala nikapumzika, na jambo lilikwisha kabla sijafika barabarani. Nilikaa kuandika nikiwa nimekasirika kwelikweli, nikitaka uniombe radhi huko huko uliko.

Lakini baba yangu mzazi alifariki sijaanza kutembea, wewe ulijua. Neno "baba" sikuwahi kumwita nalo mtu yeyote. Katika wiki zile nililitamka kutwa nzima: baba nishikie hapa, baba nipe spana, baba usiguse, pamoto. Ungenikubalia siku ile ile, ningeleta posa, nikapewa mke, nikaenda zangu. Ulinichelewesha, nikapata na baba. Nakukumbuka sana.

Mola akulaze penye baridi na nafasi.

Mwanao, ambaye watu humwita mkweo