Sheria ya Mjane Niliyoitunga Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Ishiara
Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi
Mbele ya: Koplo Fosia Duale

Jina: Nkirote Gichovi
Umri: Miaka 54
Kazi: Mwandishi wa riwaya
Makazi: Mtaa wa Dallas, mjini Embu

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nilizaliwa Laare, kaunti ya Meru, nikaolewa Embu miaka thelathini iliyopita. Nimeandika riwaya tisa. Nne ni za familia, kuanzia babu hadi vitukuu, na tano ni za dunia ya kale: Misri, Kushi, Kathago, na Babeli iliyotoka kwa sehemu mbili. Zinasomwa. Najua zinasomwa kwa sababu watu hunisimamisha sokoni kunigombeza juu ya wahusika niliowaua. Koplo ameniambia niseme yanayohusu kesi tu. Haya yanahusu, atayaona.

Mnamo tarehe 24 Februari mwaka huu, saa tatu asubuhi, nilipigiwa simu na Bwana Mwaniki Njuki, ambaye hatukuwa tumewahi kukutana. Alijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu na katibu wa ukoo wao hapa Ishiara. Alisema, "Madam, hiyo kitabu yako ya Kushi imetufungua macho. Tuko na mkutano ya ukoo tarehe nane. Kuja ukuwe mgeni wa heshima, utusomee sura ya saba." Nilikubali kabla hajamaliza. Sikumuuliza kwa nini sura ya saba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi, nilifika nyumbani kwa Mwaniki saa tano kasorobo asubuhi. Kulikuwa na watu kama sitini chini ya turubai, na kipaza sauti. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Niliwekwa meza ya mbele, nikaletewa soda baridi na dumu la asali kama zawadi. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi nje ya turubai, mikono mapajani. Nilimwona, na sikuuliza ni nani.

Sasa najua. Ni Njoki, mlalamikaji katika kesi hii, miaka 71, mjane wa baba mdogo wa Mwaniki. Ana mabinti watatu walioolewa na hana mtoto wa kiume. Shamba lake la ndengu na mtama limepakana na la Mwaniki, na upande huo watu hawajapata hatimiliki. Maafisa wa ardhi wanakuja kupima tarehe 20 mwezi huu. Watakavyoukuta mpaka ndivyo watakavyouandika, na mpaka wenyewe ni mstari wa matoka.

Koplo ameniuliza matoka ni nini, kwa kuwa yeye si wa huku. Ni mmea wa majani marefu wenye kiazi chini ya udongo, na ukame hauuui. Wazee wakishaupanda mpakani majirani wakiona, mambo yamekwisha. Mtu haong'oi matoka hivi hivi. Anayeyang'oa, watu hukaa wakingoja kuona litakalompata. Niliyajua haya kwa mama mkwe wangu. Nilipokuwa naandika riwaya ya Kushi sikupata kitabu cha kuniambia watu wale waliwekaje mipaka, kwa hiyo nikachukua matoka ya mama mkwe nikayapanda kando ya Mto Nile. Nilijipongeza sana. Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri.

Saa sita kamili nilisimama kusoma. Katika sura hiyo tajiri mmoja wa Kushi anakufa bila mtoto wa kiume. Mwandishi wa mfalme anatangaza kwamba mashamba ya mtu kama huyo hurudi kwa ndugu zake, na mjane aondoke kabla mto haujajaa. Ndugu wanang'oa matoka wakisema, "Ardhi imerudi nyumbani." Nilisoma vizuri. Nina sauti ya kusoma, na nikaivuta pale panapotaka kuvutwa. Wakapiga makofi kwa muda mrefu, na nilifurahi. Naona haya kulisema neno hilo hapa kituoni, lakini nilifurahi sana.

Mwaniki akachukua kipaza sauti. Alisema, "Mmesikia. Miaka elfu mbili! Si sisi tumeanza hii maneno. Hata kule kwa wafalme, mama bila kijana alikuwa anaachia ukoo shamba."

Saa saba kasoro dakika kumi Mwaniki, mdogo wake Kithaka na wanaume wengine wawili ambao naweza kuwatambua walichukua majembe wakaelekea mpakani. Umati ulifuata, nami nikafuata na viatu vyangu vya kisigino. Walianza kung'oa. Kila kiazi kilipotoka walisema, "Ardhi imerudi nyumbani." Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Kithaka alimwambia Njoki, "Mama, toa vitu zako kabla ya hao watu wa kupima wafike."

Nilipiga kelele. Nilisema, "Jamani, hiyo ni hadithi! Nimetunga mimi!" Wachache walicheka. Mwaniki alifungua kitabu mwishoni akakiinua juu. Alisema, "Madam, wacha unyenyekevu. Hapa umeandika vitabu ulisoma, page tatu mzima. Uongo haina marejeo." Wakaendelea kung'oa.

Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa mwandishi mbaya. Watu hawa walikuwa wanayaogopa matoka tangu utotoni, na aliyewatoa woga ni mimi. Bila kurasa zangu, Mwaniki asingepata mtu wa kushika jembe.

Naomba yafuatayo yaandikwe bila kupunguzwa. Marejeo yale ni ya kweli, lakini ni ya chuma, mashua na pombe ya mtama. Hakuna hata moja linalozungumzia mjane. Sheria hiyo sijaisoma mahali popote. Niliitunga mimi, Dallas, mezani pangu, asubuhi moja, kwa sababu mama yule wa kitabuni alikuwa amekaa katikati ya hadithi akinizuia kufika kwenye vita. Nilihitaji aondoke, nikamwondoa kwa mistari minne. Niko tayari kusema hivi mahakamani, na tarehe 20 nitakuwa hapo mpakani niwaambie maafisa wa ardhi ana kwa ana. Mwaniki anipinge kama anaweza. Dumu la asali nimelileta hapa kituoni. Sitaki hata kulionja.

Koplo ameniuliza kama nilizungumza na mlalamikaji siku hiyo. Ndiyo. Ilikuwa kama saa saba na robo, watu wakiwa wamerudi kula. Njoki alikuwa amesimama kwenye udongo uliofukuliwa. Hakuwa analia wala hakunitukana. Aliniuliza, "Huyo mama wa kwa kitabu, walipomfukuza, alienda wapi?"

Nilifungua kitabu kana kwamba nitaliona jibu humo. Sura ya nane inaanza na vita vya ndugu. Mama yule hatajwi tena katika kurasa mia tatu zilizobaki, na hata jina sikumpa. Nikamwambia, "Sijui."

Njoki aliniangalia. Alisema, "Na ni wewe mwenye kitabu."

Nimeyasema haya kwa hiari yangu. Nimesomewa yote, na sina neno la kufuta.

Sahihi: N. Gichovi

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu saa sita na dakika tano. Mlalamikaji alikuwa akingoja nje. Maafisa wawili wamemsindikiza kurudi shambani kwake. Shahidi alisema gari lake lingoje hapa kituoni, akaenda nao kwa miguu.

Koplo F. Duale