Tope la Mama Kulwa

Geita, Jumanne 9 Machi 1976

Kumbe hesabu yangu ilikuwa sawa! Kilima kilipoungua nilikadiria kwamba mvua ikinyesha, tope litafika gotini. Likashuka kweli. Lakini nilipopima alama ukutani kwa Mama Kulwa, ilinifika kiunoni. Nikachana karatasi zangu kwa aibu, nikamwambia jirani yake, Mzee Masanja, ahame upesi.

Leo Mama Kulwa amecheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hiyo siyo alama, nimekandika mwenyewe! Tope zuri namna ile niliache lipotee? Lilifika hapa tu." Akashika goti.

Furaha yangu haikudumu. Mzee Masanja ameshaezua paa lake. Sasa amelala kitandani kwangu, anakoroma.

Bado sijamwambia.