Picha ya Mama ya Kuweka Kwenye Fremu

Dada Honorata,

Shikamoo. Dagaa ulionitumia wamefika salama, na chumba kizima sasa kinanukia kama ufukweni kwetu Kibirizi. Chuoni tumeanza kuhariri filamu. Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Umeniomba picha ya Mama ya misa ya arobaini, maana ile ya kitambulisho imefifia. Dada, nimepekua kamera siku tatu. Ninazo picha zaidi ya mia mbili za Mama akianika dagaa: mikono yake, visigino vyake, kivuli chake mchangani. Mwalimu alisema sura ya mtu inamaliza hadithi mapema mno, nami nikamsikiliza. Darasani zilisifiwa sana.

Siku ninaondoka, Mama alijifunga kitenge kipya, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Sasa nipige ya sura, mwanangu." Nikamwambia jua ni kali, tutapiga nikirudi Desemba.

Nakutumia ile ya mikono. Iweke kwenye fremu. Watu wakiuliza sura iko wapi, waambie mwanawe anasomea kupiga picha.

Mdogo wako,
Gasper