Rubani wa Kigodani

Robanda, Serengeti
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na goti limetulia, maana Kaka Maganga aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani kwa hatua za kuhesabu. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, jua limenichoma, na viganja vyangu vimekuwa vya mkulima. Ungeniona ungesema huyu siye yule niliyemsindikiza stesheni na sanduku jipya. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa unasema "haya mwanangu, salio litaisha" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na safari hii jambo lenyewe ni refu.

Uliniuliza narudi lini Tabora. Umesema umeshaongea na mkuu wa shule, nafasi ya kufundisha fizikia ipo, na hawataishikilia zaidi ya mwisho wa mwezi. Nitakujibu Baba, wala sitakuzungusha. Ila niache kwanza nikueleze nilivyoishi huku, maana bila hayo jibu langu utaliona la kichwa kigumu tu.

Wageni walipokoma kuja kwa sababu ya korona, kampuni ilituita marubani wote tisa. Kwanza wakakata mshahara nusu, tukasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Baadaye ikawa likizo bila malipo. Mwisho zikaja bahasha, na watano wetu tukapunguzwa, kwa maneno ya kwamba ndege zikianza kuruka tena wataangalia. Kila mtu akatafuta pa kushika. Mmoja anafuga kuku Arusha, mwingine kavuka Sirari kwenda kwa wajomba zake Kenya. Kapteni Lusajo, yule mzee aliyenifundisha kazi, anaendesha lori la vitunguu. Alinipigia akacheka, akasema, "Kabula, lori nalo lina usukani. Shida yake haliruki hata ulibembeleze." Halafu akaniuliza kama nimesikia lolote kutoka kampuni, nikajua hakuwa anacheka.

Mimi nilibaki Robanda. Kijiji hiki kiko ukingoni mwa hifadhi, na tangu zamani nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Mugesi, mjane mmoja mkulima, kwa sababu msimu wa wageni tulikuwa tunalala karibu na kiwanja cha ndege. Nilikwambia nabaki ili wakiita niwe jirani. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Niliona aibu kurudi. Mtaa mzima ulikuja kuniaga Baba, na shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa, leseni ya rubani haikai kabatini kama cheti cha shule. Usiporuka muda mrefu unapimwa upya, na mkono uliosahau hauna msamaha. Kapteni Lusajo akaniambia nifanye wanavyofanya marubani wote wakikosa ndege: "Kaa kwenye kiti, funga macho, ruka. Kila swichi, kila neno, kwa mpangilio wake, kila siku. Usiruke hata hatua moja." Basi nikachukua kigoda cha Mama Mugesi nikakiweka nyuma ya jiko. Vifuniko vitatu vya sufuria vilivyotundikwa ukutani vikawa saa zangu za kasi, kimo na mafuta. Mwiko niliuchomeka katikati ya magunia mawili ukawa mkono wa kuongezea nguvu ya injini. Kila asubuhi nikawa nawasha, napaa, natua, nazima.

Majirani walinyamaza wiki ya kwanza kwa adabu. Wiki ya pili Mama Mugesi akashindwa.

"Mwanangu, kila siku unakaa hapo, mikono inacheza, midomo inacheza. Unaomba nini?"

"Siombi, Mama. Naruka. Hapa naenda Arusha."

Akaniangalia, akaangalia vifuniko vyake. Kesho yake alikuja na kibakuli akakiweka karibu na kigoda. "Ukifika huko uniletee chumvi," akasema, akaenda zake. Tangu hapo kijiji kizima kikaniita Rubani wa Kigodani, na sikukasirika.

Mchana nikawa nalima naye, na mtama ulipoanza kukomaa tukaanza zamu za kulinda shamba dhidi ya tembo. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa, Baba, na mpaka leo sijamaliza. Miaka mitano nimewapitisha wageni juu ya nchi hii. Niliwaonyesha nyumbu kwa maelfu, wakapiga picha, wakapiga makofi. Sikujua kama nyumbu wana sauti. Injini ilikuwa inameza yote. Walipopita mwaka huu nilikuwa nimesimama shambani na jembe, nikasikia nchi yote inakoroma, siku mbili mfululizo, na vumbi lao likaingia mpaka kwenye uji. Nilikaa chini kwenye tuta nikasikiliza tu. Mama Mugesi akanipita na kuni kichwani, akaniuliza kama naumwa.

Tembo nao, kutoka juu nilikuwa naona migongo tu. Hapa watu huwafukuza kwa moshi: wanachanganya mavi ya ng'ombe na pilipili, wanayafinyanga kama matofali, wanayakausha, na tembo wakija wanayachoma. Lakini niliona kitu ambacho rubani hawezi kukiacha kipite. Walikuwa wanachoma mahali palepale siku zote, upepo uwe wa wapi. Mara nyingi moshi ulirudi kwa walinzi, watu wanatokwa machozi na kamasi, tembo anakula mtama bila haraka. Nikachukua kiroba cha mbolea nikakishona kama mkono wa shati, wazi pande zote mbili, nikakitundika kwenye mti mrefu katikati ya shamba, kama ule mfuko wa upepo wa kiwanjani. Kikijaa na kuelekea mtoni, choma upande wa pili. Wazee walicheka. Baada ya wiki moja ikawa sheria: usiwashe kabla hujatazama soksi ya Kabula, ndivyo walivyokiita kiroba changu.

Alfajiri moja nilikuwa zamu na Kaka Chacha, Mkurya wa Kerende aliyeoa hapa. Kulikuwa kunapambazuka. Tulikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, na chini yetu tembo saba walikuwa wamesimama mwisho wa shamba. Upepo ukageuka. Nikaiona soksi inazunguka taratibu, nikajua moshi wetu wote sasa unaenda bure. Nikashuka na kaa la moto kwenye bati, nikakimbilia upande wa pili, nikawasha. Nilipoinua kichwa, jike kubwa alikuwa mbele yangu, umbali wa kutoka mlangoni kwako mpaka kisimani. Nilisikia tumbo lake likinguruma.

Chacha akaniambia kwa sauti ya chini kutoka juu, "Mura, usikimbie. Ukikimbia umekwisha." Alisahau kwamba mura ni neno la kumwita mwanamume, nami sikuwa na nafasi ya kumrekebisha.

Nikasimama. Aliinua mkonga, akanusa, masikio yakafunguka. Uzito wake haupishani sana na wa ndege yangu, Baba, na kope zake ni ndefu, zina vumbi. Moshi ukapanda ukamfikia. Akageuka, na wale sita wakageuka naye, wakaondoka bila kishindo, sikusikia hata kijiti kikivunjika. Nililia pale pale. Haikuwa hofu, hofu ilikuja baadaye wakati wa chai. Nililia kwa sababu nilikuwa nimepita juu ya kitu kikubwa namna ile mara elfu na kukiita mandhari.

Sasa nifike unapohusika wewe.

Siku ile nilipoketi kwenye kigoda baada ya tembo, nilikumbuka. Ulipunguzwa kazi ya udereva wa treni nilipokuwa darasa la nne. Kila asubuhi ulivaa shati lako la kazi, ukakaa kwenye kile kiti cha kamba barazani, mkono wa kushoto unasukuma kitu ambacho hakipo, macho yako mbali. Uliendesha treni mpaka Kigoma na kurudi bila kuinuka. Mwisho ulikuwa unainua mkono juu ya kichwa na kuvuta kamba ya honi, na marehemu Mama anajibu kutoka jikoni, "Treni imefika. Karibu chai." Sisi tulicheka. Mimi nilifanya zaidi ya kucheka. Shuleni niliwaigiza wenzangu namna unavyovuta ile kamba, na wao wakanipa karanga ili nirudie. Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii nikidhani ni utoto tu. Nisamehe Baba. Sikujua kwamba nilikuwa natazama mtu akishikilia kazi yake isife mikononi.

Najua pia kwa nini wewe, kati ya watu wote, unaniambia niache na nirudi. Wewe ulisubiri, na hawakukuita. Hutaki nikae kwenye kiti kile.

Jumanne iliyopita kampuni ilipiga simu. Ndege zimeanza kurudi moja moja, nafasi ni mbili, sisi tuliopunguzwa ni watano, na mkaguzi anakuja kutupima. Nikishindwa, leseni inakwenda na hakuna nafasi. Nilikuwa sijagusa ndege miezi minane. Mama Mugesi alinifungia viazi kwenye kitambaa kama mtu anayesafiri kweli, akanikabidhi na kile kibakuli. "Chumvi," akanikumbusha.

Baba, nilikaa, mikono ikaenda. Sijui niseme vinginevyo vipi. Kila swichi ilikuwa mahali pale pale penye kifuniko cha sufuria. Tulipokuwa tunarudi kutoka Arusha, mkaguzi akataka kunitega. Akaniuliza upepo unatoka wapi, na kiwanja hakijaonekana bado. Nikamwambia unatoka mashariki. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha chini, shamba la Mama Mugesi, na kiroba changu kimejaa juu ya mti wake. Akaandika kwenye karatasi yake. Nikatua. Nikazima injini, nikamaliza orodha mpaka neno la mwisho.

Halafu mkono wangu ukainuka wenyewe juu ya kichwa, ukavuta.

Ndege haina kamba ya honi. Mkaguzi alinitazama sana. "Hiyo ni ya nini? Haimo kwenye orodha."

Nikamwambia, "Ni ya baba yangu."

Wamenichukua, Baba, mimi na Kapteni Lusajo. Ni siku tatu kwa wiki, mshahara ni ile nusu, na hakuna aliyeahidi kwamba mwakani tutakuwepo. Siku zilizobaki nitalima. Kwa hiyo mshukuru mkuu wa shule kwa heshima zote, na nafasi ile ya fizikia ampe mwingine. Nisije nikakudanganya kwamba sina hofu. Ninayo. Lakini wewe hawakukuita, mimi wameniita, na nilipoitwa nilikuta mkono uko tayari kwa sababu nilikulia nyumba ambayo baba alikuwa anaendesha treni barazani. Siku ile ndani ya ndege tulikuwa wawili, na wa pili hakuwa mkaguzi.

Msalimie Kaka Maganga, mwambie goti lako silo la kuhadithia mtaani. Msalimie shangazi, mpiga vigelegele wetu, apumzishe koo, nitamhitaji. Wifi na watoto wote nawapa mikono. Mama Mugesi anakusalimu ingawa hamjaonana. Anauliza kama Tabora asali bado ipo, na chumvi yake ameshaipata.

Na kile kiti cha kamba, kama bado kipo, kitoe barazani kesho asubuhi. Kaa, nenda mpaka Kigoma, rudi taratibu, vuta kamba. Najua tangu Mama aondoke hakuna anayejibu. Mimi nitakuwa huku najibu.

Treni imefika, Baba. Karibu chai.

Binti yako,
Kabula