Bega la Kulia

Kwa dada yangu Molly,

Natumaini Baba na watoto wako salama huko Bondo. Huku Kericho mvua imerudi na majani ya chai yamejaa, lakini mimi sichumi. Tangu niteleze na kikapu, mkono hauinuki kupita bega.

Daktari aliniambia, "Aluoch, tukupasue sasa, ama ujaribu mazoezi kwanza." Nilichagua mazoezi. Nilikumbuka Mama akisukumwa kuingia chumba cha upasuaji, akitupungia mkono. Hakutoka akiwa hai.

Miezi minane nimenyoosha mkono huu nikilia. Jana daktari alisema nimechelewa, upasuaji hautasaidia tena.

Baba akiuliza, mwambie naendelea na mazoezi. Si uongo. Hata leo asubuhi nimenyoosha.

Ni mimi mdogo wako,
Aluoch